Kufungua au kunamua?

Kayole na Buruburu utasikia "chesi". Kamusi hushikilia sataranji, neno lililotufikia kwa Kiarabu. Sina ugomvi na chesi. Swali ni hatua za mwanzo: tuziiteje? Wapenzi wa bao watadai tunalo "kunamua". Halifai. Anayenamua ana kete 22 za akiba, anaziingiza moja moja. Kwenye sataranji zote 16 zishapangwa, kinachokosekana ni njia. Sukuma kete iliyo mbele ya mfalme hatua mbili, na papo hapo malkia na askofu wamepata pa kupitia. (Farasi huruka, hana haja na mlango.) Basi ni ufunguzi, hata kama neno linanukia utepe na mkasi wa mheshimiwa. Anayeliona tafsiri tupu ya Kiingereza ajaribu kumtoa malkia kabla hajafunguliwa.