Mtoni, Waya wa Bahari na Seva za Unguja

Mtoni, kitongoji cha pwani kilichoko kaskazini ya Mji Mkongwe katika njia iendayo Bububu, hutajwa aghalabu kwa ajili ya jumba la Sayyid Said bin Sultan, lililojengwa baada ya mwaka 1828 katika shamba lililokuwa la Saleh bin Haramil al-Abri, mtu anayehesabiwa miongoni mwa walioleta mikarafuu Unguja. Na humo ndimo alimozaliwa mwaka 1844 Sayyida Salme, aliyekuja kuandika huko Ujerumani kwamba jumba hilo lilikuwa na wakaazi zaidi ya elfu moja. Lakini Mtoni ina tarehe nyingine, isiyowashughulisha sana wapenzi wa magofu, nayo ni tarehe ya umeme wa kisiwa. Na mtu aliyekalifishwa leo na idara yake, au na benki, au na hospitali hapa Unguja, achague programu ya kuigawa seva moja iwe seva nyingi, hana budi aijue tarehe hiyo kabla hajaitazama karatasi ya bei ya muuzaji yeyote.

Mwaka 1905 kampuni ya Arnold Cheney ya New York ilifungua reli ya kutoka mjini hadi Bububu, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyopata idhini ya Serikali ya Sultani ya kuutia mji taa za umeme. Baadaye, kwa muda mrefu, mji uliangazwa kwa mashine za dizeli za Saateni, hata ulipowadia mwaka 1980, ulipolazwa chini ya bahari waya wa kilovolti 132 kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, masafa ya kilomita 37 hivi. Na kutoka Fumba umeme ukachukuliwa juu ya minara hadi kituo cha kupozea umeme cha Mtoni, ndiko unakogawiwa mji na shamba. Waya ule ulikuwa neema, na kwa kuwa ulikuwa neema watu waliuegemea kwa uzito wao wote, na mashine za zamani zikachakaa zikiwa zimesimama.

Mwezi wa Mei 2008 umeme wa waya ule ulikatika, na kisiwa kizima kikakaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme wa gridi. Na kabla watu hawajasahau, Disemba 2009 ukakatika tena, na mara hii giza likadumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waliokuwa na mali walinunua majenereta, wasiokuwa nayo walirejea katika taa za mafuta, na maji ya mifereji yakaadimika kwa sababu pampu za visimani nazo zilitegemea waya ule ule, jambo ambalo wengi hawakulitia katika hesabu mpaka walipofungua bomba lisitoe kitu. Baada ya msiba huo yalifungwa Mtoni majenereta ya dizeli ya megawati 25 hivi, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya wa pili wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani, ilhali ule wa kwanza uwezo wake ulikuwa megawati 45.

Nimetanguliza habari za waya kwa sababu fani ya kukusanya seva nyingi ndani ya moja, kwa hakika yake, ni fani ya kukusanya tegemeo. Nayo ni kongwe kuliko wadhanivyo wengi. Mwaka 1967, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, wataalamu wa IBM wakiongozwa na Robert Creasy waliendesha programu iliyoitwa CP-40, ambayo ilimfanya kila mtumiaji aone kwamba ana kompyuta nzima ya peke yake, na kumbe kompyuta ilikuwa moja. Na mwaka 1972 kampuni hiyo ikaitoa kwa wateja wake kwa jina la VM/370. Sababu ilikuwa uchumi, kwani mashine za siku zile zilikuwa ghali mno kuachwa zikae bure.

Zilipokuja kompyuta ndogo za jamii ya Intel, zikawa rahisi hata kila kazi ikapewa seva yake, moja ya barua, moja ya mishahara, moja ya daftari la wagonjwa, na aghalabu ya seva hizo zilikaa kutwa zikila umeme na kutoa joto bila ya kazi ya maana. Kuzigawa kwa mtindo wa IBM hakukuwezekana kwa wepesi, maana katika amri za vichakato vile zilikuwemo kumi na saba ambazo zilipotolewa na mgeni, yaani seva iliyogawiwa, zilifanya kazi kinyume bila ya kumjulisha msimamizi, yaani programu inayogawa. Kampuni ya VMware, iliyoasisiwa mwaka 1998 na Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao watatu, ndiyo iliyokitegua kitendawili hicho kwa kuziandika upya amri zenye hatari wakati ule ule programu inapokwenda. Na mwaka 2001 ikatoa ESX, iliyokuja kuenea katika vyumba vya seva ulimwenguni kote. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, na sifa yake ni haki yake.

Lakini mwaka 2005 Intel, na mwaka uliofuata AMD, walianza kuutia uwezo huo katika vichakato vyenyewe, na yaliyokuwa siri ya kampuni moja yakawa mali ya kila fundi. Xen ilikwisha kutoka mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. KVM ikaingia katika moyo wa Linux mwaka 2007. Na mwaka 2008 zikatoka Hyper-V ya Microsoft na Proxmox ya Vienna, iliyojengwa juu ya KVM. Waama, tangu hapo mwenye kuchagua hana haja ya kuuliza ni programu ipi inayogawa vizuri, kwani zote hugawa vizuri. La kuuliza ni nani atakayeushika ufunguo.

Suala hilo lilijidhihirisha Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware kwa kiasi cha dola bilioni 69, na mwezi uliofuata ikasitisha kuuza leseni za kudumu. Aliyekwisha kununua alibaki na haki ya kuitumia programu yake, lakini mkataba wa msaada haukufanywa upya ila kwa ada ya muda, inayohesabiwa kwa viini vya kichakato. Kwa idara ambayo bajeti yake hupitishwa kwa shilingi mara moja kwa mwaka, deni la dola linaloweza kubadilika kwa uamuzi wa watu walioko California si jambo la kupuuza. Sisemi kwamba VMware iachwe. Yako mabenki ambayo muuzaji wa mfumo wao wa hesabu hatambui nyingine, na mabenki hayo hayana hiari. Ila mwenye hiari, kwa rai yangu, na aanze na zile za msimbo huria, kwa sharti kwamba wapo ofisini vijana wawili au zaidi wanaoijua Linux barabara, na wanalipwa mshahara wa kuwafanya wabaki.

Na kabla ya kutia sahihi popote, itwaliwe seva pepe moja, yaani mojawapo ya zile zilizogawiwa ndani ya mashine, yenye kazi ya kweli, ihamishwe kwenda katika programu ya pili, kisha irejeshwe. Diski ya VMware huandikwa kwa mtindo wa VMDK, ya Hyper-V kwa VHDX, ya KVM aghalabu kwa qcow2, na vyombo vya kubadilisha vipo, tena bure. Lakini Windows isiyotiwa mapema viendeshi vya virtio yaweza kukataa kuamka ikifika KVM, na hilo ni bora lijulikane siku ya majaribio.

Wauzaji wote husifu uwezo wa kuihamisha seva pepe kutoka mashine hadi mashine bila ya kuizima, na sifa hiyo ni ya kweli siku fundi anapotaka kuifungua mashine moja. Lakini mashine zote mbili zikiwa katika chumba kimoja cha Mji Mkongwe, umeme wao wote ukitoka Mtoni, kuhama huko hakuvuki mlango wa chumba. Pemba, tangu mwaka 2010, ina waya wake wa baharini utokao upande wa Tanga, usiopita Fumba wala Mtoni. Kwa hiyo idara ya Unguja yenye ofisi Chake Chake imekwisha kupewa mahali pa kuweka nakala yake, na programu inayoifaa ni ile iwezayo kupeleka huko kila usiku mabadiliko peke yake, yasiyoilemea njia ya mtandao, na ambayo afisa aliyeko Pemba, siku Unguja imezimika, anaweza kuziwasha seva kwa mkono wake bila ya kungoja leseni ithibitishwe kutoka ng'ambo.