Upembuzi, Si Uainishaji

Miongoni mwa dhana za tiba ya dharura ambazo Kiswahili kimezipokea shingo upande, iliyotendewa vibaya zaidi ni ile ya kuwapanga majeruhi kwa kadiri ya uharaka wa hali zao, kazi ambayo wauguzi wa Kakamega, kama wenzao kwingineko nchini Kenya, huiita triaji bila kungoja idhini ya kamati yoyote. Wanaojipa mamlaka ya kuwaundia wengine istilahi wamependekeza "uainishaji wa wagonjwa kwa kuzingatia uzito wa hali zao", fungu la maneno ambalo ni ufafanuzi uliovishwa joho la istilahi, na ambalo halitamkiki mlangoni pa hospitali wakati gari la pili la majeruhi limekwisha kuwasili.

Urefu, hata hivyo, ndio udhaifu wake mdogo. Kuainisha kunatokana na nomino aina, na maana yake ni kukitia kitu katika jamii yake ya kudumu: mtaalamu wa mimea huainisha miti ya Msitu wa Kakamega, na mti ulioainishwa leo hubaki katika aina hiyo hata miaka hamsini ijayo. Majeruhi hawana aina. Aliyepewa rangi ya kijani, yaani anayeweza kusubiri, huenda baada ya robo saa akastahili nyekundu, ambayo ni rangi ya anayehudumiwa papo hapo, na istilahi isiyobeba uwezekano huo wa kugeuka humfundisha muuguzi mchanga jambo la hatari. Uteuzi nao haufai kwa kuwa mteule huwa na wenzake walioachwa, ilhali utengaji, ambao una watetezi wenye sauti kubwa kuliko hoja zao, umekwisha kutwaliwa na karantini, hasa tangu mwaka 2020, kiasi kwamba mzazi akiambiwa mwanawe anatengwa huelewa kuwa ana ugonjwa wa kuambukiza.

Asili ya neno lenyewe ingewaongoza wahusika lau wangejali kuitazama. Triaji ni la Kifaransa, kutokana na kitenzi trier, kuchambua na kupanga kwa daraja, na kabla ya kuingia hospitalini lilitumika kwa sufu na kwa buni, ambako lilitaja hata mabaki ya punje zilizovunjika. Wapo wanaodhani kwamba silabi yake ya kwanza ni tatu ya Kilatini, na kwamba kwa hiyo istilahi yake lazima iwe na makundi matatu. Dhana hiyo haina mashiko, na inasikitisha kuisikia kwa watu wenye shahada. Utaratibu wenyewe huhusishwa na Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, aliyeshikilia kwamba aliyeumia zaidi atangulie bila kujali cheo chake, lakini neno hilo lilienea katika tiba baadaye, hasa kwa waganga wa jeshi la Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Neno lililotoka katika kuchambua mazao linadai mwenzake atokaye huko huko, naye yupo: kupembua. Anayepepeta hurusha nafaka ili upepo uchukue makapi, na kinachochukuliwa hakirudi. Anayepembua huutikisa ungo ili punje nzima zijitenge na chenga, na vyote hubaki ungoni. Tofauti hiyo, ambayo jopo moja liliipuuza kwa kicheko pendekezo hili lilipowasilishwa mbele yake, ndiyo kiini cha dhana nzima. Hata majeruhi ambaye hali yake imekadiriwa kuwa haina tumaini hatupwi: hupunguziwa maumivu, hutazamwa tena, na nguvu kazi ikiongezeka hupandishwa daraja, kwa maana ungo hautikiswi mara moja tu. Wanaolalamika kwamba upembuzi unawafanya watu kuwa nafaka wanapepeta pale panapotakiwa kupembua. Na wanaokumbusha kuwa upembuzi yakinifu umekwisha kutwaliwa na wapanga miradi wajibiwe kwamba uyakinifu ndio uliotwaliwa. Upembuzi ungali huru.

Uzito wa jambo hili ulionekana Kakamega tarehe 3 Februari 2020, pale wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipokanyagana kwenye ngazi wakitoka madarasani, 14 wakafariki, na makumi ya majeruhi wakafikishwa katika hospitali kuu ya kaunti huku wazazi wakifurika kuwatafuta watoto wao. Katika mkanyagano kifua hubanwa na pumzi hukatika bila ngozi kuchanika, hivyo damu ni mwongozo mbaya, na mtoto anayelia kwa nguvu kwa kawaida yu salama kuliko aliyenyamaza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tiba ya dharura kwa watoto hutofautisha wenye dalili za dharura, kama vile kushindwa kupumua, wanaotibiwa hapo hapo; wenye dalili za kipaumbele, wanaotangulizwa kwenye foleni; na wasio na haraka, wanaongoja zamu yao. Huko ni kupembua, wala hakuna kitenzi kingine cha Kiswahili kinachoyabeba hayo yote kwa silabi chache hivyo.

Kwa unyambulishaji, kitenzi hiki hakina mpinzani. Afanyaye kazi hiyo ni mpembuzi. Mahali pake ni kituo cha upembuzi. Kadi ya rangi afungwayo mgonjwa mkononi ni pembuo. Kumtazama tena ni kumpembua upya. Na kosa la kumpa mtu rangi ya juu kuliko hali yake, ambalo huwanyima wengine daktari, ni kumpembua kupita kiasi. Uainishaji hauzai hata nusu ya watoto hao bila kuhitaji mkunga.

Kuhusu matumizi, inatosha kusema kwamba wagonjwa wanaopembuliwa hujua tu kuwa "wanapimwa presha" kabla ya kumwona daktari, na kwamba Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopo mjini Kakamega na kinachofundisha usimamizi wa maafa na misaada ya kibinadamu, kingeweza kulianzisha neno hili darasani muhula ujao bila kusubiri kikao cha mtu yeyote.