Muuguzi Mwenye Cherehani: Historia ya Kazi Mbili Kutoka Ufipa



Katika mambo ambayo maharusi wa siku hizi huyazungumza na makungwi wao kabla ya nikaha, limeongezeka moja. Mwari ni muuguzi, na juu ya hapo anashona, au anapika keki, au anauza udi na mafuta. Je, mume atazikubali kazi zote mbili? Mawifi watasema nini? Wapo wanaoambiwa kwamba hii ni tamaa ya wanawake wa leo, kwamba bibi zetu walitosheka na moja. Tumeona tuwajibu kwa historia, na historia yenyewe tumeifuata mbali na bahari, juu ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa.

Mji mkuu wa mkoa huo ni Sumbawanga. Jina hilo huelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi wako". Uko juu sana, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake si ya mtandio mwepesi. Huko watu hulima mahindi, maharage na ulezi. Na ingawa ni mbali, sisi wa visiwani tuna uzi unaotufunga nao. Zamani watu wa Ufipa na bonde la Rukwa walisokota pamba na kufuma nguo zao wenyewe, nzito na za kudumu. Kisha ikaja merikani, kitambaa kilichopitia Unguja kwenda bara kwa misafara, na kazi ya mfumaji ikapungua mwaka hadi mwaka.

Mkunga na jembe lake

Kabla ya hospitali, mwanamke wa Ufipa alizalishwa na mama mtu mzima wa kijijini. Mama huyo hakuwa mkunga kutwa nzima. Alikuwa mkulima, aliyejua kupanda ulezi na kutunza nyumba, na uchungu wa mwenzake ulipoanza aliweka jembe chini akaenda. Alipomaliza alirudi shambani. Hakuna aliyemwita mwenye tamaa. Kazi moja ililisha wanawe, nyingine ililinda roho za watu.

Hapa kwetu ni hivyo hivyo. Wakunga wa Unguja na Pemba walizalisha, na mikono hiyohiyo ikasuka ukili na kushona kofia za viua. Basi anayesema bibi zetu walikuwa na kazi moja, hakuwaangalia vizuri.

Daktari na mwalimu wa Karema

Chini ya uwanda, kando ya Ziwa Tanganyika, upo mji wa Karema. Leo uko mkoa wa Katavi, lakini hadi mwaka 2012 ulikuwa ndani ya Rukwa. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome iliyojengwa pale na Wabelgiji, na mwaka 1889 akafika mtu aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri huko Algeria, kisha akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Alitumika Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani zaidi ya miaka 65.

Tunamtaja kwa sababu moja. Tangu mwanzo aliandaliwa kwa kazi mbili: daktari na mwalimu wa dini yake. Sisi dini yetu ni nyingine, lakini historia ni ya wote, na mtu aliyetoka utumwani akatibu watu umri mzima anastahili kutajwa. Sumbawanga mpaka leo ipo hospitali yenye jina lake. Kazi zake mbili hazikugombana kwa kuwa zilikaa mahali pamoja na zilimtaka akae na watu walewale.

Wakati mishahara miwili ilikuwa mwiko

Tukaja kwenye uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hakuhesabiwa peke yake, bali pamoja na mkewe au mumewe. Nia ilikuwa kuzuia wakubwa wasinyonye wadogo. Mwaka 1977 ikaja sheria iliyofunga njia ya mtu binafsi kufungua hospitali au zahanati ya biashara. Muuguzi akabaki na milango michache ya kutumia ujuzi wake.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Wazee wetu wanaikumbuka: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni. Mshahara haukufika katikati ya mwezi. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na wenye biashara ndogo zisizotambuliwa wakasumbuliwa mijini. Hata hivyo wanawake walioajiriwa, wauguzi wakiwamo, walianzisha walichokiita "mradi": kuku uani, maandazi alfajiri, cherehani sebuleni. Rukwa wakati huo ilihesabiwa katika mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na mtumishi mwenye kishamba aliona afadhali kuliko mwenye mshahara mtupu.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyetoka kuwa Rais wa Zanzibar, alishika nchi mwaka 1985 na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza ile miiko ya mishahara miwili, na mwaka huohuo sheria ya hospitali binafsi ikarekebishwa. Ndipo zilipofunguka zahanati ambazo leo zinampa muuguzi zamu chache kwa wiki, na siku zilizobaki akakaa na mkasi wake.

Lakini tusipambe. Mradi ule ulilipwa kwa usingizi wa mama. Aliyetoka zamu ya usiku akaingia jikoni hakupata pa kupumzikia, na aliyeumia ni yeye, na pengine mgonjwa wake.

Na wewe, bibi harusi

Katika dini yetu mfano upo. Bi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) aliuguza majeruhi katika hema lake kwenye msikiti wa Madina, na Saad bin Muadh alipelekwa kwake baada ya vita vya Khandaq. Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alitengeneza ngozi na kushona kwa mikono yake, akatoa sadaka alichopata. Uuguzi na ushonaji vyote vina heshima ya zamani.

Historia hii inatufundisha kuchagua. Ile kazi ya pili iwe inayoweza kungoja. Mgonjwa hangoji, lakini pindo la gauni linangoja mpaka kesho. Mkunga wa Ufipa aliweka jembe chini kwa sababu jembe halikulia. Ukipokea gauni la harusi la Ijumaa nawe una zamu Alhamisi usiku, umechukua kazi mbili zisizongoja, na moja itaharibika. Uliza taratibu za mwajiri wako kabla hujaanza. Baada ya zamu ya usiku, lala kwanza.

Na mambo haya yasemwe kabla ya nikaha. Kazi yako yaweza kuwekwa sharti katika ndoa, mbele ya walii na mashahidi, ijulikane kwa siku na saa. Unachokichuma ni chako. Ukisaidia nyumba ni hisani yako, na matunzo yanabaki kwa mume. Na mume akubaliane pia nani atapika siku ya zamu, maana mama wa miaka ya 1980 aliruhusiwa kazi mbili lakini hakupunguziwa ya tatu, ile ya nyumbani.

Mwenyezi Mungu awape wauguzi wetu afya, na awape maharusi wetu waume wanaoelewa. Amin.