Uzi wa Msaada na Kazi Yake

Gunia lilifika mwezi wa tatu, wakati Juba inachemka hadi mbwa wanalala chini ya malori. Ndani yake kulikuwa na uzi tu, madonge ya kila rangi, na mengi yalikuwa sufu nene ya kufumia sweta za baridi. Sweta, jamani! Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto, na huku kuna mtu mahali fulani anatutakia mema kwa sufu. Sisemi kwa kumdharau. Alitoa alichokuwa nacho.

Kina mama wa kikundi chetu walitaka kugawana sawasawa, kila mtu madonge mawili, yaishe. Mzee mmoja, tunamwita Haboba tu kama watu wa Juba wanavyomwita bibi yeyote, akakataa. Akasema uzi haugawanywi kwa vichwa, unagawanywa kwa kazi. Halafu akaomba kiberiti.

Alikata kipande kidogo kutoka kila donge akakichoma. Sufu ilinuka nywele zilizoungua, moto ukazimika wenyewe, likabaki jivu la kuvunjika. Akriliki, ambayo ni plastiki tu, iliyeyuka ikaacha kishanga kigumu cheusi. Pamba iliwaka kama karatasi. Lebo nyingi zilikuwa zimepotea, na zilizobaki ziliandikwa lugha ambazo hakuna aliyezijua, kwa hiyo kiberiti ndicho kilichotusomea. Jioni tulikuwa na mafungu matatu. La pamba lilikuwa dogo kuliko yote, roli tatu peke yake, na ugomvi ulianzia hapo. Nitaurudia.

Nikimwangalia Haboba nilikumbuka habari za Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwamba Waislamu wa huko walikuwa na pamba yao na walifuma nguo nyeupe, lakini hawakujua kutia rangi. Basi walichukua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay, kule Gujarat, wakazifumua, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Hebu fikiria. Nguo imevuka bahari nzima, imekamilika, inavalika, na mtu anakaa chini kuirudisha kuwa uzi, kwa sababu alichohitaji ni ile buluu. Tumezoea kusimuliwa kwamba watu wa huku walipokea vitambaa vya wageni. Habari ya kuvifumua haisimuliwi sana. Kakuma, nilikokulia, mama zetu walifanya vilevile kwa sweta za mitumba: zilifumuliwa zikawa vitambaa vya meza, na hakuna aliyeita hiyo historia.

Kuna wakati uzi wa msaada ulikuja na kazi yake. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Msalaba Mwekundu wa huko uliwapa raia uzi wa sufu pamoja na maelekezo ya soksi, skafu na sweta zisizo na mikono. Walijua askari yuko kwenye matope na baridi. Kenya ya mkoloni, Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, kufuma kulikuwa kati ya mafunzo yake, na kule milimani asubuhi za baridi sweta ina maana. Nadhani tatizo letu ni kwamba ufundi uliteremka hadi kwenye joto na sweta ikateremka nao, kana kwamba kufuma ni sweta tu.

Kazi ya hapa ni milaya. Wafanyakazi wa mashirika mmeziona bila kujua jina: shuka zilizotariziwa maua na ndege, pembeni zimezungushwa ukingo wa kroshia. Jina ni la Kiarabu. Msichana anaolewa nayo, mgeni anatandikiwa. Julai 2016 vita vilipolipuka Juba, mama yangu alifunga sufuria, karatasi na nguo za mdogo wangu ndani ya milaya yake akaenda nayo hadi Uganda. Bidi Bidi, iliyofunguliwa Agosti mwaka huohuo, ilikuwa mkoba, godoro, pazia. Hakuwa peke yake. Mpiga picha Nora Lorek aliwapiga picha wakimbizi wa huko mbele ya milaya zao.

Ukingo wa milaya unataka pamba, tena nyembamba. Shuka hufuliwa kila wiki, na sufu ikikutana na maji ya moto inajikunja. Akriliki hainywi jasho, na ikiguswa na pasi ya makaa, kile kishanga mmeshakiona.

Haboba aligawa hivi. Akriliki laini ziende kwa kofia za watoto wachanga, hasa njiti, kwa sababu mtoto mchanga hupoteza joto kichwani hata Juba hii, na kofia hizo hufuliwa mara nyingi. Sufu iwe vishikio vya sufuria: kwani haikujizima yenyewe kwenye kiberiti? Aliyetaka kufanya vishikio vya akriliki alifukuzwa kwa kicheko.

Pamba sasa. Niliomba roli mbili nitengeneze ukingo wa milaya ya mama, umechakaa pande zote. Mwenzangu alikuwa na binti anayeolewa. Akaniambia mbele ya wote kwamba naomba uzi wa kuzika wakati yeye anaomba wa kuanza. Nilinyamaza, maana nilitaka kulia. Haboba akampa mbili, akanipa moja. Hadi leo sijui kama alikosea.

Roli moja ilitosha pande tatu. Nikaenda soko la Konyo Konyo nikanunua sweta ya mtumba, ya pamba, ya buluu, nikaikagua mishono kwanza, maana ikiwa imekatwa kwa mkasi na kushonwa unapata vipande vipande tu. Sasa niko nusu ya upande wa nne. Uzi wake ni mwembamba, naushika mara mbili pamoja, na unakatika kila nikivuta kwa haraka. Mama ameshauliza kwa nini upande wa miguuni ni wa buluu.