Maneno ya Ndani na Maneno ya Kitabuni

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Haukupita muda ikapigwa marufuku mashuleni kwa sababu ilitaja waziwazi mambo ya mwili. Miaka baadaye kitabu hichohicho kikawa cha kusomwa na kufanyiwa mtihani. Maneno hayakubadilika, waliobadilika ni wakubwa.

Sisi watu wa Mtwara tuna la kusema hapa. Tangu Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, na huko juu kwa Wamakonde, mambo hayo yana mahali pake tangu zama. Mwali hutiwa ndani, akaimbiwa na kufunzwa, mara kwa mafumbo, mara bila kufichwa. Mimi mwanamume nilizisikia ngoma zile kwa mbali tu, na ilivyopasa ni hivyo. Unyago wenyewe una udhibiti wake: nani aingie, ana umri gani, nani amfunze. Lakini udhibiti huo haumwachi mwali gizani. Unampa kungwi.

Wageni nao walitaka kuchuja. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulifuta jando. Alilitia ndani ya Ukristo, akaondoa aliyoyaona hayafai. Tukubaliane naye au tusikubaliane, alifahamu kwamba ukiondoa fundisho huna budi kuweka jingine.

Rosa hakuwekewa lolote. Baba yake, Zakaria, anamchapa kwa sababu ya barua ya mvulana, wala hamwelezi kitu. Msichana anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua. Anapopata uhuru wa chuo huko Morogoro anapotea, anatoa mimba, na mwisho anajiua. Mwandishi alikuwa akiwaonya wazazi juu ya ukimya. Waliokipiga marufuku kitabu walimjibu kwa ukimya uleule.

Mjadala haujaisha. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku mashuleni vitabu kadhaa vya hadithi kutoka ng'ambo, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya kulinda maadili. Sidharau hoja hiyo. Mtoto wa miaka tisa si msomaji wa kila kitu, na mzazi anayechagua anatimiza wajibu wake. Wala sisemi unyago hauna kasoro: wako wanaochezwa wakiwa wadogo mno, wakatoka wakidhani shule imekwisha na sasa ni ndoa.

Lakini tukumbuke pia kwamba hadi Novemba 2021 msichana wa Tanzania aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Tulimnyima kitabu, tukamnyima maelezo, kisha tukamfukuza kwa kutojua. Mvulana aliyehusika mara nyingi aliendelea na masomo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila ninaposikia kitabu kimefungiwa, huuliza jambo moja: badala yake mtoto amepewa nani wa kumweleza? Kama jibu ni mwalimu, shangazi au kungwi mwenye busara, naweza kuvumilia. Kama hakuna, basi ataelezwa na simu iliyo mfukoni mwake, nayo haina adabu wala haimwonei huruma. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na Rosa alifunzwa hivyo.