Simu iliyovuka mpaka bila ushuru

Kabla ya mwezi Septemba mwaka 2006, msafiri aliyetoka Nairobi kwenda Arusha kwa basi alijua kwamba simu yake ingebadilika tabia akifika Namanga. Upande wa Kenya ilikuwa simu ya kawaida. Hatua chache mbele, upande wa Tanzania, ama ilinyamaza, ama ilianza kutoza bei ambayo mfanyabiashara mdogo hakuimudu.

Wengi walijitafutia dawa. Walitembea na laini mbili au tatu mfukoni, na mpakani wakafungua simu, wakatoa betri na kubadilisha laini. Lakini dawa hiyo ilikuwa na uchungu wake. Dereva wa lori aliyevuka Malaba kuelekea Kampala akawasha laini ya Uganda, hakupatikana tena kwa namba ambayo tajiri wake na jamaa zake walikuwa nayo.

Mawimbi hayakuwa kikwazo

Kitaalamu, tatizo hilo lilikuwa limekwisha kutatuliwa zamani. Mwezi Septemba mwaka 1987, mjini Copenhagen, makampuni 15 kutoka nchi 13 za Ulaya yalitia saini makubaliano ya kujenga mfumo mmoja wa simu za mkononi, ule unaoitwa GSM. Simu ya kwanza katika mfumo huo ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Mwaka uliofuata, Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza zikakubaliana kuwapokea wateja wa kila upande.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila laini hubeba namba ya siri inayoanza na tarakimu za nchi yake: 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania, 641 ni Uganda. Simu ya Kenya inapowashwa Arusha, mtandao wa Tanzania huitambua kuwa ni mgeni, ukauliza nyumbani kwake iwapo aruhusiwe. Jibu hurudi baada ya muda mfupi.

Kilichobaki ni hesabu. Kampuni mwenyeji huidai kampuni ya nyumbani, nayo huongeza faida yake juu, na msafiri hulipa yote. Hata anapopigiwa hutozwa, kwa sababu sauti imesafirishwa kutoka kwao hadi aliko.

Mwenye nyumba tatu

Hapo ndipo Celtel ilipoingia. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan aliyeishi Uingereza. Mwaka 2005 ilinunuliwa na kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola za Marekani bilioni 3.4. Ilikuwa na mitandao Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa hiyo deni la mpakani lilikuwa deni la mtu anayejidai mwenyewe.

Septemba mwaka 2006 Celtel ikalifuta. Huduma hiyo, iliyoitwa One Network, ilimwezesha mteja wa Kenya aliyeko Tanzania kupiga simu kwa bei ya wenyeji, kupigiwa bila kutozwa, na kukwangua vocha iliyonunuliwa Arusha ili kuongeza salio katika laini ileile ya Kenya. Celtel iliitangaza kuwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Washindani, wakiwemo Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda, nao walilazimika kushirikiana. Mwaka 2007 One Network ikafika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na nchi nyingine, na mwaka 2008 ikavuka hadi Mashariki ya Kati, wakati Celtel ikichukua jina la Zain. Mwaka 2010 mitandao mingi ya Zain barani Afrika iliuzwa kwa Bharti Airtel ya India.

Minara ya kukodi

Marekani suala hilo lilijitokeza ndani ya nchi moja. Tarehe 22 Aprili 2015, Google ilitangaza huduma ya Project Fi. Google haikuwa na mnara hata mmoja. Ilikodi nafasi kwa makampuni ya Sprint na T-Mobile, na simu ikawa inahama yenyewe kwenda penye mawimbi bora. Wa kwanza kuijaribu walikuwa waalikwa tu, nao walihitaji simu ya aina moja, Nexus 6. Walilipa dola 20 kwa mwezi kwa mazungumzo na ujumbe, na dola 10 kwa kila gigabaiti ya intaneti, bei ambayo haikubadilika katika nchi zaidi ya 120.

Lakini mwezi Aprili mwaka 2020 T-Mobile iliungana na Sprint. Mitandao miwili ambayo simu ilikuwa ikichagua kati yake ikawa mali ya mwenye mmoja.

Hisani na sheria

Historia hii yaonyesha kwamba hisani ya mwenye mtandao hudumu maadamu ina faida kwake. Ndiyo sababu serikali nazo ziliingilia kati. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kwamba msafiri asitozwe anapopigiwa, na kwamba bei ya kupiga baina yao isizidi senti 10 za Marekani kwa dakika. Tanzania haikuanza nazo. Umoja wa Ulaya ulifuta tozo za namna hiyo tarehe 15 Juni 2017. Uingereza ilipojitoa katika Umoja huo, baadhi ya makampuni yake yalizirejesha kwa wateja wanaosafiri Ulaya.

Simu imekuwa na uwezo wa kuvuka mpaka tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Kibali ndicho kilichokosekana, na bado hakijakamilika: simu nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hadi leo zina nafasi ya laini mbili.