Masisi: Karatasi ya kazi ng'ambo ya mpaka, toka 1937 hadi leo

Kijana wa Shasha anayetaka kutafuta kazi Gisenyi, Kigali au Kampala huulizwa karatasi kabla ya kuulizwa ujuzi. Wengi hudhani shida hii ni ya leo. Masisi inaijua toka zamani, ila wakati ule watu walikuwa wakiletwa huku kufanya kazi.

Baada ya Vita ya kwanza ya dunia, Ubelgiji ilitawala Kongo na Ruanda-Urundi. Mtawala alikuwa mmoja, lakini mpaka ulibaki. Wazungu walifungua mashamba Masisi na wakahitaji watu wa kulima. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ikaunda Mission d'Immigration des Banyarwanda, yaani MIB. Hadi 1955 ilihamisha makumi ya maelfu ya watu, wa kwanza wakiwekwa Gishari, kwenye ardhi ya Wahunde. Njaa ya Ruzagayura ya 1943-1944 ikasukuma wengine wavuke.

Wakongomani nao hawakutembea walivyotaka. Bila pasi ya kuhama, mtu hakuruhusiwa kukaa nje ya eneo lake zaidi ya siku 30. Karatasi za wakati ule zilionyesha mtu afanye kazi wapi. Hazikusema watoto wake watakuwa wananchi wa nchi gani, wala nani atamjibu Mhunde kuhusu ardhi yake.

Uhuru wa 1960 ulikuta maswali hayo bila jibu. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya Januari 1950. Sheria ya Juni 1981 ikauondoa. Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, Walikale, na moto ukafika Masisi. Sheria ya Novemba 2004 ikatambua uraia wa makabila yaliyokuwa Kongo wakati wa uhuru.

Kwa upande wa mpaka, Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL huko Gisenyi mwaka 1976. Wakaaji wa Goma na Gisenyi wakazoea kuvuka kwa jetoni. Lakini jetoni ni ya kuvuka na kurudi. Haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa.

Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika toka 2010, inasema mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi, na ajibiwe ndani ya siku 30. Inataja pia mke au mume na watoto wake.

Hapo ndipo kuna tofauti na 1937. Anayeondoka leo anaweza kuuliza mapema: kibali ni cha kazi gani, kwa muda gani, na kikiisha haki zangu ni zipi? Waliofika Gishari hawakupewa jibu hilo, na wajukuu wao pamoja na majirani zao Wahunde bado wanalitafuta.